Mpini Ulioachwa

Sahani ile ya plastiki ilikuwa na vishimo tisini na sita, na nusu nzima iliwaka njano pale ambapo hapakutakiwa kuwaka kitu. Bi Sahani, jina alilopewa pale maabara kwa kushinda na sahani hizo, aliitazama. Akaiweka mezani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa, akaitazama sahani tena. Njano ileile. Basi akafanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelifanya kwa kujificha: akaizungusha sahani, mbele ikawa nyuma, labda ameishika kinyume. Herufi ndogo zilizochongwa pembeni zikamkatalia. Alikuwa ameishika sawasawa.

Akajibwaga kitini. Kiti kilikuwa cha magurudumu, kikarudi nyuma na yeye juu yake, kikagonga friza. Hata hakugeuka kuangalia kimegonga nini.

Ngoja kwanza nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mtu atasema mwanamke mzima na shahada zake tatu anajibwaga kitini kwa sababu ya rangi. Kimelea cha malaria kinapoingia mwilini kimevaa koti. Bi Sahani na wenzake walichagua kipande kidogo cha koti hilo, wakachukua maelekezo ya kukitengeneza, wakayapandikiza ndani ya bakteria wasio na madhara, na bakteria hao, wakifugwa kwenye chupa za mchuzi wa vuguvugu, wakawa wanakifyatua kipande hicho kama watu wa matofali. Ukikidunga mwilini, askari wa mwili wanakisoma, wanakikariri, na siku kimelea chenyewe kikija na koti lake wanakitambua. Hiyo ndiyo chanjo waliyokuwa wakiitafuta. Kuisimulia ni dakika moja. Kuifanya kulikuwa kumewala miaka minane.

Sasa, kipande hicho kikiwa ndani ya mchuzi kimechanganyikana na takataka elfu za bakteria. Unakitoaje? Unakiunganisha na protini nyingine, kubwa, inayonasa kwenye shanga maalumu. Unamimina mchuzi wote juu ya shanga, takataka zinapita, chako kinabaki kimenasa. Ile protini ya kushikia, pale maabara waliiita mpini. Kipande cha koti wakakiita jembe. Ukishalipata jembe, unatakiwa uukate mpini kwa dawa waliyoiita mkasi, uutupe, ubaki na jembe lako safi.

Wao hawakuukata. Miaka mitano nyuma walijaribu, na kila wakikata, jembe liliganda mabonge kama maziwa yaliyochacha, kazi ya wiki nzima ikaishia kwenye ndoo ya taka. Ni Bi Sahani mwenyewe aliyesema, siku moja akiwa amechoka hadi kope, "Tuuache tu huu mpini. Hauna neno." Profesa, mkuu wa maabara, akakubali, akatia saini. Panya wakadungwa jembe na mpini wake. Damu yao ikapimwa kwenye sahani zilizopakwa jembe na mpini wake, na sahani zikawaka njano, maana yake damu imekariri. Watu wakapigana mabega, Profesa akanunua soda. Na kwa kuwa malaria hii ya binadamu haimshiki panya, hapakuwa na namna ya kumwambukiza uone kama chanjo inamkinga. Sahani ndiyo iliyokuwa shahidi pekee. Na shahidi huyo, ona sasa, alikuwa ndugu wa damu wa mtuhumiwa.

Swali lilitoka kwa bodi ya wakaguzi, la kumi na nne kati ya kumi na sita: onyesheni kwamba damu ya panya wenu inatambua kipande cha kimelea peke yake. Bi Sahani alilicheka. "Hawa watu wa ofisini wanatafuta pa kuweka mhuri," alimwambia Baba Panya, mzee anayewalea panya wa maabara na kuwaita wajukuu zake. Lakini jibu lilitakiwa kabla ya Jumatatu, siku ambayo watu arobaini waliojitolea wangedungwa sindano ya kwanza. Basi Alhamisi asubuhi akakata kiasi kidogo, cha kutosha sahani chache. Nusu ya kushoto akapaka jembe tupu. Nusu ya kulia akapaka mpini mtupu. Akamimina damu ya panya kote, akaenda kunywa chai, akarudi.

Kulia, kwenye mpini: njano nzito. Kushoto, kwenye jembe: maji. Maji kabisa, ungeweza kuweka gazeti chini ukalisoma.

Panya walikuwa wamekariri mpini. Miaka mitano wamekariri mpini, na yeye miaka mitano amewauliza maswali ya mpini, wakamjibu vizuri, akawapa maksi zote.

Baba Panya aliingia na ndoo ya maranda, akamwona ameegemea friza.

"Binti, vipi? Umekalia nini hicho, kiti au moto?"

"Niko sawa, baba."

"Hauko sawa. Uso umekuwa kama wa mtu aliyesahau mtoto sokoni."

Akacheka, akaenda zake kwa wajukuu. Bi Sahani alibaki na neno hilo la mtoto, akachomoa sahani nyingine tupu.

Alirudia siku hiyohiyo mchana, ikawa vilevile. Ijumaa asubuhi akaja na tumaini moja la mwisho, na akalishikilia kweli: labda jembe likishakatwa linaharibika, au halikushika kwenye plastiki, ndiyo maana upande ule hauwaki. Namna ya kujua ni kuweka damu ya mtu mzima aliyewahi kuugua malaria mara nyingi. Damu hiyo inalijua koti lenyewe, haikufundishwa na sindano ya mtu. Ndani ya friza kulikuwa na sampuli za wale arobaini, walizotoa na kuruhusu zipimwe. Akachomoa kichupa cha kwanza kwenye kasha. Namba moja.

Namba moja ni dada yake, tumbo moja. Kwa kanuni za kazi hakutakiwa kujua namba ni ya nani, lakini kanuni hizo hazimjui Dada. Dada alishatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye wa kwanza, na kadi yake yenye namba ameibandika kwenye cherehani yake, wateja wakija kupimwa nguo wanaisoma kabla ya bei.

Damu ya Dada iliwaka kushoto, kwenye jembe, njano ya kukolea. Kulia, kwenye mpini, maji. Kwa hiyo jembe lilikuwa zima na sahani ilikuwa inafanya kazi barabara. Bi Sahani akasimama pale na glovu mikononi, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa cha kipumbavu kabisa. Alifikiria sahani zote alizowahi kuzipiga picha, mamia, akajiuliza atazifuta vipi zote kwenye kompyuta.

Profesa alikuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza saa, anaanza na historia ya saa. Siku hiyo aliitazama ile sahani, akaitazama ya Alhamisi, akaitazama nyingine ya Alhamisi, na likamtoka neno moja tu.

"Rudia," alisema mwishowe.

"Nimerudia. Hii ni ya tatu."

"Labda jembe limeharibika."

"Halijaharibika. Damu ya mtu mzima imewaka."

Profesa akakaa. Akavuta droo, akaifunga, hakutoa kitu. "Nani mwingine ameona?"

"Baba Panya aliona uso wangu. Sahani hakuiona."

Nje, mtu alikuwa anasukuma toroli la mitungi ya gesi, linalia. Profesa akainuka, akafunga mlango.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Profesa, na sauti ilikuwa imeshuka. "Awamu hii ya kwanza tunaangalia usalama tu. Hatujamwahidi mtu kinga, imeandikwa kwenye fomu, wamesaini. Kilichomo hakina sumu. Tunaweza kuwadunga Jumatatu, tukapata takwimu za usalama, huku tunarekebisha hili taratibu. Tukisimama sasa, hii maabara inafungwa. Sisi tukidunga, nani ataumia?"

Na mimi nisimpambe: maneno yale yalimwingia Bi Sahani matamu kama uji kwa mgonjwa. Aliyataka. Kwa nusu dakika nzima aliyaamini. Kisha akamwona Dada akilini mwake, ameketi kwenye ile benchi ya wanaojitolea, mkono wa gauni umekunjwa, akajua nani ataumia.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Mpaka kesho," alisema Profesa, lakini alikuwa anaongea na sahani.

Dada alikuwa na mtoto mmoja. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alianza joto asubuhi, mchana akaanza degedege, na kufika jioni watu walikuwa wanatandika mikeka uani. Hivyo tu, siku moja. Bi Sahani alimshika Dada usiku ule wa msiba na kumwambia sikioni, "Dada, hii chanjo nitaitengeneza mimi." Watu wanasema mengi kwenye msiba, yanasahauliwa na vikombe vikioshwa. Dada hakusahau. Alijibu, "Basi sizai tena mpaka uimalize."

Walidhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Chanjo nyingine zilikuja, Dada akazisikia redioni, akasema hizo zinapunguza, hazimalizi, yeye anangoja ya mdogo wake. Shemeji, mume wa Dada, mpole yule, alingoja naye. Mwaka ukaenda, wa pili, wa tatu, mpaka huu wa nane. Na miezi miwili iliyopita, kwa kuwa wanawake wanaojitolea hawaruhusiwi kushika mimba mwaka na nusu, Dada akaenda kliniki mwenyewe akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Ana miaka thelathini na tisa. Alisema mwaka na nusu si kitu, akimaliza atazaa mtoto ambaye hataguswa.

Huko maabara, chupa mama, yaani ya akiba, ya ile protini, inayokaa rafu ya juu kwenye friza, ilitakiwa iandikwe namba kumi na saba. Bi Sahani aliiandika Kidoti. Alimwambia Dada, na Dada alilia kwa furaha.

Alifika kwa Dada jua halijazama. Cherehani ilikuwa barazani, na Dada juu yake, mguu kwenye kanyagio, anashona gauni la kitambaa cha bluu.

"Afadhali umekuja. Njoo uone," alisema Dada. "La Jumatatu hili. Nimeacha mikono mifupi, nesi asije akahangaika kunikunja."

Bi Sahani hakukaa. "Dada."

"Ukinitazama hivyo nitafikiri nguo imekwenda upande."

"Dada, chanjo haifanyi kazi."

Mguu wa Dada ulipiga kanyagio mara mbili tatu zaidi, kwa mazoea tu. Sindano ikatoka nje ya kitambaa, ikawa inashona hewa. Kisha akaweka kiganja juu ya gurudumu, likasimama.

"Rudia."

Bi Sahani akarudia. Alieleza yote, jembe na mpini, panya na sahani, akitumia maneno ya nyumbani. Macho ya Dada yalikuwa kwenye kadi yenye namba moja.

"Tangu lini haifanyi kazi?" aliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Miaka mitano."

"Mitano."

"Na huo mpini nani aliuacha?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango mdogo wa kutokea, maana saini ilikuwa ya Profesa. Bi Sahani aliuona, akaupita.

"Mimi. Nilisema hauna neno."

Dada akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali kipimo cha nguo. Yeye ni fundi, hakubali kitu mpaka aone mshono. "Utajuaje kama ni panya waliokosea? Pengine sahani ndiyo mbovu."

"Nilijaribu na damu ya mtu mzima. Iliwaka vizuri."

"Damu ya nani?"

"Yako."

Dada akanyanyua uso. "Yangu ilisemaje?"

"Inakijua kimelea. Umeugua tangu utotoni, mwili wako umeshakariri. Ndiyo maana siku hizi ukiugua, unaugua kidogo."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakijua."

"Ndiyo."

"Siku ile, nilipokuwa nimempakata, hii damu yangu ilikuwa inakijua."

Bi Sahani aliitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona hakupata? Alitoka humu." Dada alijigusa tumbo. Hakuwa anamlaumu mtu, alikuwa anauliza, kama mteja anayeuliza kitambaa chake kilichobaki kiko wapi.

"Mtoto anazaliwa na kinga kidogo ya mama. Miezi michache inaisha. Baada ya hapo anajifunza mwenyewe, akiugua."

"Alikuwa anajifunza."

"Ndiyo, Dada."

"Akafa anajifunza."

Akashika gauni la bluu, akakata uzi kwa meno, akalikunja mara nne, vizuri, kingo kwa kingo. Mikono ilikuwa imetulia kabisa na hilo ndilo lililomtisha Bi Sahani. Alingoja kilio, alingoja tusi, alingoja hata kofi. Alikuwa amejiandaa kwa kofi.

"Ile chupa uliyoiandika jina lake," alisema Dada. "Kalifute. Sitaki jina la mwanangu likae juu ya kitu cha bure."

Akaingia ndani na gauni lake. Mlango hakuubamiza. Shemeji alitoka baadaye, akasimama kizingitini, akasema, "Nenda nyumbani, shemeji, kapumzike," na yeye ndiye aliyekuwa akilia.

Jumamosi asubuhi Bi Sahani alikwenda maabara na barua mfukoni. Ilikuwa ya bodi, ukurasa mmoja: swali la kumi na nne, jibu ni hapana, Jumatatu asidungwe mtu. Aliiandika akijua kabisa inaweza kumtoa kazini. Alikuwa amejipanga kumwekea Profesa nakala mezani na kuondoka kabla hajafika.

Profesa alikuwa ndani. Amevaa koti la maabara lililokuwa na mikunjo ya dukani, ameketi kwenye kiti cha Bi Sahani, na mbele yake kuna sahani. Miaka kumi na moja mtu huyu hajashika pipeti. Matone yalikuwa yamemwagika mezani na nje ya vishimo, kazi ya mkono uliosahau. Lakini rangi zilikuwa wazi. Njano kulia. Maji kushoto.

"Nimeifanya mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Toka saa kumi na mbili. Nilisema labda wewe umechoka."

"Ndiyo, Profesa."

"Nimesimama mbele ya watu nchi ngapi na zile picha za njano." Aliguna, na haikuwa kicheko. "Mpini. Tumewachanja panya mpini."

Bi Sahani akamwekea barua mbele. Aliisoma mara moja, akaomba kalamu, akaandika chini yake kwa mkono: *Saini ya kuacha mpini ilikuwa yangu.* Akasaini tena. Kisha akabaki amekaa tu, mzee mwenye glovu, anatazama ukuta.

Bi Sahani akafungua friza, akaitoa chupa mama. Ukungu wa baridi ukampanda usoni. Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akafuta. Jina halikutoka. Kalamu za friza zimetengenezwa kwa ajili hiyo, maandishi yasifutike hata miaka kumi. Akasugua, vidole vikafa ganzi, herufi ya kwanza ikapauka kidogo, basi. Akasugua tena kwa hasira, mpaka lebo yenyewe ikaanza kuchanika, ikatoka vipandevipande, imejikunja kwenye pamba. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, amesimama mbele ya friza iliyo wazi na kengele yake ya joto inalia pamoja naye.

Alipotulia akapiga simu. Ililia muda mrefu. Dada alipopokea, nyuma yake kulikuwa na watoto wachanga wanalia na sauti ya mwanamke anaita majina.

"Dada, nimelifuta."

"Sawa."

"Uko wapi?"

"Kliniki. Niko kwenye foleni, mbele yangu wawili. Nimekuja kutoa kijiti."

Bi Sahani akahamishia simu sikio la pili. Akaegemea meza.

"Umenisikia?" alisema Dada.

"Nimekusikia."

"Basi ukate huo mpini. Yagande mabonge, yafanyeje, utajua mwenyewe, ukate. Na ufanye haraka." Sauti yake ikakatika, ikarudi. "Maana huyu atakayekuja sitaki na yeye ajifunze mwenyewe."